Mzee wa gitaa, Majengo

Nimetoka Majengo hapa Moshi sasa hivi, moyo umejaa.

Tulikaa na mzee mmoja aliyewahi kupiga gitaa la rithimu nyuma ya Dk. Remmy Ongala, enzi za bendi ya Super Matimila. Ukumbi hadi ukumbi, usingizi ni humohumo kwenye gari, katikati ya vyombo.

Watu humuuliza habari za Remmy tu, yule aliyekuja Dar kutoka Kongo mwaka 1978 akawaimbia wanyonge. Leo tukamuuliza habari zake yeye.

Akasema kazi yake ilikuwa kushika mduara uleule wa nota, muda mrefu, bila kuyumba, ili mwimbaji aongee na watu kwa raha zake.

Anaongea, huku vidole vya kushoto vinabana nyuzi kwenye fimbo yake ya kutembelea. Nyuzi hazipo, lakini vidole vinahama, vinarudi. Na wala hakujua!

Vijana wakampigia makofi. Mzee akafuta macho.

Asante sana, mzee wetu. Wapigaji wa nyuma tumewasahau mno.

Mliowaona Matimila jukwaani, ilikuwa ukumbi gani? Niandikieni hapa, kesho nitamsomea.