Maporomoko ya Sanje, Udzungwa: nendeni jamani

Watu wengi wakitoka Dar wakishaona tembo pale Mikumi basi wanageuza, kumbe ukikata kushoto Mikumi mjini ukashika barabara ya Ifakara unaikuta milima ya Udzungwa imesimama pembeni kabisa ya mashamba ya miwa ya Kilombero. Kiingilio cha hifadhi unalipa geti la Mang'ula, unapewa mwongozaji, mnaanza kupanda.

Njia ni msitu mtupu, mizizi imetambaa kila mahali na udongo unateleza hasa kama mvua imenyesha usiku, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno, raba za mjini hapana. Mwongozaji wetu alitusimamisha ghafla akanyoosha kidole juu, mbega wekundu wa Iringa wanarukaruka, na hawa duniani kote wanapatikana Tanzania tu! Kuna na nyani aina ya ngolaga ambao wanasayansi walikuja kuwajua mwaka 1979 tu na wamepewa jina la hapo hapo Sanje, sisi hatukuwaona ila sauti yao tuliisikia.

Maporomoko yenyewe yanashuka kama mita 170 kwa ngazi, na juu kuna vidimbwi vya kuogelea, maji ya baridi mpaka meno yanagongana lakini ukishazoea hutaki kutoka. Ukiwa pale unaliona bonde lote la Kilombero chini, kijani mpaka macho yanaishia. Mimi kwa kweli naipenda kuliko njia nyingi zinazosifiwa, bebeni maji na kitafunwa, na takataka zenu mshuke nazo.