Stempu tatu za Mama Rosa

Juzi tunapanga vitu vya marehemu mama, binti yangu akachomoa bahasha kwenye Biblia. "Baba, huyu bibi ni nani, na mbona wako watatu?"

Jamani. Rosa Parks. Detroit, Februari 2013, baridi ya kugandisha kamasi. Stempu zake zilikuwa zimetoka tarehe 4 mwezi huo, siku ambayo angetimiza miaka 100, lakini hayo sikuyajua. Nilitaka tu kitu kizuri cha kubandika kwenye barua ya Tanga. Karani akasema ya nje ya nchi ipo, ile ya duara, dola 1.10, hizi ni senti 46, utahitaji tatu, unapoteza senti 28. Nikamwambia lete hizohizo.

Nikabandua ya kwanza na, kwa mazoea ya posta ya kwetu, nikailamba. Ikanasa ulimini.

Nyuma yangu bibi mmoja mwenye fimbo akaangua kicheko. "Mwanangu, huyo halambwi. Unamjua lakini?" Nikajibu ndiyo, yule wa basi. "Basi la wapi?" Kimya. Akanisomesha palepale: Montgomery, Desemba 1955, mshona nguo kakataa kumpisha Mzungu kiti, kakamatwa, na watu weusi wakayasusia mabasi siku 381. Kazi ikaota mbawa, 1957 akahamia huku Detroit. Alipofariki 2005, bibi huyu alipanga foleni usiku kwenda kumuaga.

Karani akainua muhuri. Bibi akapitisha fimbo juu ya kaunta.

"Usimpige usoni."

Mkono wa karani ukabaki hewani. Kisha akaigeuza bahasha, akainama, akaegemeza muhuri ukingoni, wino ukagusa meno ya stempu tu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu hivyohivyo. Foleni nzima ilitulia, hata aliyekuwa akikohoa.

Na ndani ya bahasha iliyoenziwa namna hiyo? Mistari saba: niko salama, kazi nimepata, mwezi ujao natuma hela ya bati. Kazi sikuwa nayo.

Mama hakuniuliza habari za bati hata siku moja. Aliuliza tu, kwenye simu, kama yule mama wa kwenye bahasha ndiye mwenye nyumba wangu. Nikaitikia ndiyo, salio lilikuwa linakata.

Binti akamaliza kuisoma barua. "Na bati ulituma?"

Nikamwambia akavae viatu, tunachelewa.