Mtende wa Babeli

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Yeremia 29:11: “Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho.” Tunauona mstari huu kwenye kalenda, kadi za mahafali na vioo vya daladala, mara nyingi ukiwa peke yake. Ukisomwa hivyo, ni rahisi kumwahidi mtu mambo ambayo Mungu hakumwahidi. Tuurudishe kwenye barua yake.

Ni barua kweli. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa mkono wa Elasa na Gemaria, iwafikie waliohamishiwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Mstari wa 10, ambao kwenye kadi huachwa, unataja muda: miaka sabini ya Babeli, ambayo ilikwisha kuanza kabla ya uhamisho huu. Hebu piga hesabu. Aliyehamishwa akiwa na miaka 40 angekuwa na 98 Babeli ilipotekwa na Koreshi, mfalme wa Uajemi aliyewaruhusu warudi, mwaka 539 KK. Wengi walioisikia barua ile walizikwa ugenini, na safari ya kurudi wakaifunga watoto na wajukuu wao.

Sura ya 28 inaonyesha kwa nini barua hiyo ilikuwa chungu kuisikia. Nabii Hanania alikuwa ametangaza hekaluni kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote wangerudi. Akaivunja na nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, ishara ya kuitumikia Babeli. Unabii wake ulikuwa mtamu, una tarehe, na ulisemwa kwa jina la Bwana. Ulitolewa mwezi wa tano. Mwezi wa saba Hanania akafa.

Hata leo imani ya wengi huumia hapo hapo. Mtu anapewa tarehe na mhubiri, au anajipangia mwenyewe: kufikia Desemba nitakuwa nimepata kazi, nimeolewa, nimepona. Anachukua mkopo akitegemea muujiza wa kuulipa, au anaacha dawa za shinikizo la damu ili aonekane ana imani. Desemba inapita. Usiku anajiuliza: Mungu amenidanganya, au imani yangu ni ndogo? Maswali yote mawili yamezaliwa na tarehe ambayo Mungu hakuitoa. Na mpendwa unayemeza dawa zako kila asubuhi huku ukimwomba Mungu akuponye, imani yako haijapungua hata kidogo.

Angalieni Mungu aliwaagiza nini watu wa miaka sabini: “Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake.” Waoe, wazae, wauombee amani mji uliowateka. Babeli ni nchi ya mitende, na mtende huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Aliyemwamini Hanania hakuwa na sababu ya kuupanda. Angekaa na mizigo yake imefungwa. Aliyeamini barua ya Yeremia alichimba shimo, akamwagilia. Kwake jembe lilikuwa tendo la imani.

Danieli naye anatuonyesha namna ya kuiombea ahadi. Katika Danieli 9 anasoma ile miaka sabini kwenye kitabu cha Yeremia, na badala ya kuketi akingoja itimie, anafunga, anavaa magunia, anaomba. Hesabu mistari: toba inaanzia wa 4 hadi wa 15, maombi yenyewe ni wa 16 hadi wa 19. Sisi huwa tunakimbilia maombi na kuipitia toba kwa sentensi moja.

Wiki hii someni Yeremia 28 na 29 kwa mkao mmoja. Ni mistari 49 tu. Kwenye daftari andika: ahadi ilitolewa kwa nani, inahusu nini, muda wake, na amri gani imeambatana nayo. Ukifika kwenye amri usiharakishe, kwa sababu ndiyo kazi yako ya Jumatatu. Kisha fungua Waebrania 13:5: “Sitakupungukia kabisa, wala sitakuacha kabisa.” Maneno yanayofanana na hayo aliambiwa Yoshua kabla ya kuvuka Yordani, na mwandishi wa Waebrania anawapa waamini wote, tena katika sentensi inayokataza kupenda fedha. Hiyo unaweza kuishika wewe mwenyewe, hata wiki ambayo ada ya shule haijapatikana, na hata ukiwa umehamishiwa kituo cha kazi usichokipenda.

Alhamisi tutafunga na kuomba kwa Yeremia 29:7. Kila mmoja aje na jina la mtaa, kijiji au ofisi ambayo angependa kuondoka, na jina la mtu mmoja wa hapo wa kuombewa amani.