Niko sawa, niko sawa, na usingizi hakuna
Hapa Kondele, Kisumu, mtu anatoka saa kumi na moja alfajiri, bosi anamfokea mchana kutwa, akirudi wamenuniana na bibi juu ya rent, na ukimuuliza anasema tu niko sawa. Hiyo niko sawa inatumaliza, hasa sisi wanaume. Jirani yangu wa boda alikuwa anakaa juu ya pikipiki anatazama simu imezimwa, chakula hataki, usiku halali, na huo si uvivu jamani. Ongea na mtu. Msalaba Mwekundu wa Kenya wako na laini ya 1199, kupiga ni bure. Na mtu akikwambia anafikiria kujiua usimtishe na polisi, Mahakama Kuu ilishasema 2025 kifungu 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka katiba. Kaa naye, msikilize, umpeleke hospitali.