Asubuhi katika Bustani ya Mji wa Ngome, Kowloon

Watu wa kwetu Bagamoyo wanaokwenda China kwa biashara wengi huishia Guangzhou, na wachache wanaovuka kuingia Hong Kong huwa na haraka ya kurudi kwenye mizigo yao. Nami nilifika huko kwa shughuli za namna hiyohiyo, lakini nilijitengea asubuhi moja kwa ajili ya bustani ambayo habari zake nilikuwa nimezisoma kwa muda mrefu, yaani Bustani ya Mji wa Ngome wa Kowloon. Sisi tunaoishi baina ya Ngome Kongwe na magofu ya Kaole tuna sababu ya pekee ya kutazama jinsi wenzetu walivyoyatunza mabaki ya mji wao.

Bustani hiyo haieleweki bila historia yake. Baada ya Uingereza kukitwaa kisiwa cha Hong Kong mwaka 1842, serikali ya China iliimarisha kituo chake cha kijeshi upande wa bara kwa kukizungushia ukuta wa mawe, uliokamilika mwaka 1847. Mkataba wa mwaka 1898, uliowapa Waingereza eneo kubwa zaidi kwa muda wa miaka 99, uliuacha mji huo mdogo mikononi mwa China. Mwaka uliofuata Waingereza wakawafukuza maofisa wa Kichina, na tangu hapo pakawa mahali palipodaiwa na dola mbili pasipo hata moja kupatawala kwa dhati. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Wajapani waliuvunja ukuta na kuyatumia mawe yake kupanua uwanja wa ndege wa Kai Tak. Vita vilipokwisha, wakimbizi walijaa humo, maghorofa yakajengwa yakiegemeana hadi vichochoro vya chini vikakosa jua, na kufikia mwaka 1987 watu wapatao 33,000 walikuwa wakiishi katika eneo lisilofika hekta 3, wakiwamo madaktari wa meno wasio na leseni na wenye viwanda vidogo vya chakula. Mwaka huo serikali ilitangaza kwamba mji utabomolewa. Wakazi walilipwa fidia, ubomoaji ukafanyika kati ya mwaka 1993 na 1994, na bustani ikafunguliwa Desemba 1995.

Waliobuni bustani hiyo waliamua kufuata mtindo wa Jiangnan, yaani wa nchi iliyo kusini ya mto Yangtze, kama ulivyokuwa mwanzoni mwa utawala wa Qing. Katika mtindo huo mtu haonyeshwi kila kitu kwa mara moja. Njia hupinda makusudi, ukuta mweupe huziba upeo wa macho, kisha dirisha lililokatwa ukutani humwonyesha mpitaji kipande kimoja tu cha kilichoko upande wa pili: tawi, jabali, au ukingo wa maji. Nilisimama mbele ya dirisha moja la aina hiyo, lenye kimia cha vigae, na kila nilipoinamisha kichwa kidogo mandhari ilibadilika, mianzi ikijificha na paa la kibanda cha mapumziko likijitokeza. Kuna pia vijia vilivyopewa majina ya maua, sanamu za mawe za wale wanyama 12 wa miaka ya Kichina, na ua wenye mbao kubwa za sataranji ya Kichina zilizochorwa sakafuni. Wazee walikuwa wamekaa kwenye vijia vilivyoezekwa, wakizungumza kwa utulivu kama wanavyokaa wazee wetu barazani baada ya Alasiri.

Hata hivyo, kilichonishika zaidi ni Lango la Kusini. Wakati mji unabomolewa, wachimbuzi walikuta misingi ya lango la zamani pamoja na vibao viwili vya graniti vilivyochongwa maandishi, kimoja kikitaja lango na kingine kikitaja mji wenyewe. Mabaki hayo yaliachwa palepale yalipoonekana, chini kidogo ya usawa wa bustani ya leo, na mgeni huyatazama kutoka juu. Vibao vimevunjika, na mipasuko hiyo haikufichwa kwa saruji. Nilifurahi mno kuona hivyo, kwa sababu jiwe lililoungwa likang'arishwa lisingemweleza mtu yeyote kwamba mahali hapo palivunjwa, tena zaidi ya mara moja.

Katikati ya bustani imebaki Yamen, ofisi ya maofisa wa Kichina, ambayo baadaye ilitumika kuwatunza maskini na wazee, na ndiyo sababu ilinusurika. Mbele yake kuna mizinga miwili iliyosubuliwa mwaka 1802, na ndani kuna maonyesho kuhusu maisha ya wakazi. Maonyesho hayo ni mazuri, ila naona hayatoshi. Mtu aliyefuata maua peke yake anaweza kuondoka bila kujua kwamba hapo palikuwa na jikoni, karakana na vitanda vya maelfu ya familia. Mfano wa mji uliofanywa kwa chuma, ulio karibu na lango, ndio ulionisaidia kuukadiria msongamano wenyewe.

Niliporudi nilimsimulia mama yangu mkubwa, ambaye nyumba yake iko njia ya Kaole, naye akaniuliza, "Sasa mwanangu, hao watu waliohamishwa huwa wanarudi kukaa humo?" Nilimjibu kwamba bustani haina kiingilio na hufunguliwa kuanzia saa 12:30 asubuhi hadi saa 5 usiku, kwa hiyo mlango uko wazi kwao. Swali lake limenifanya nipatazame Kaole upya, na yale makaburi yenye minara ambayo zamani yalipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Wanafunzi na watalii hufika, lakini sisi wenyeji hatuna desturi ya kwenda kukaa pale jioni. Ningependa sana pawekwe viti vya kutosha chini ya miti, mbali na makaburi kwa heshima ya waliolala humo, na wenyeji tusitozwe chochote siku za mapumziko.

Kwa atakayepata nafasi ya kufika Kowloon, kituo cha treni cha Sung Wong Toi kiko karibu. Aanzie Lango la Kusini na ule mfano wa chuma, aingie Yamen, na madirisha na maua ayaache mwisho.