Fidla ngapi kwa Sonata za Rozari?

Heinrich Biber, mtunzi na mpiga fidla, aliziandika sonata hizi Salzburg, yapata mwaka 1676: 15 za fidla na besi ya kusindikiza, kama ogani, kisha Passacaglia, kipande chenye besi inayojirudia, ya fidla peke yake. Tuni ya kawaida, yaani sauti za nyuzi nne kuanzia nene hadi nyembamba, G-D-A-E, imo katika ya kwanza na katika Passacaglia tu. Nyingine 14, kila moja ina tuni yake. Ukitumia fidla ya nyuzi za utumbo wa kondoo, kazi huanzia kwenye vigingi vya kukazia nyuzi siku kadhaa kabla ya kupiga.

Fidla moja haitoshi kwa jioni moja. Uzi wa utumbo uliokazwa leo bado unateleza kesho, na ukumbi wenye unyevu unauvuruga tena. Fidla nne zinasaidia sana. Moja ibaki na G-D-A-E. Hiyo hiyo inafaa sonata ya 10, maana unashusha E hadi D basi. Fidla ya pili iwe na G iliyopandishwa hadi A, kwa ajili ya sonata ya 2, ya 4, ya 5 na ya 14.

Fidla ya tatu ndiyo inayovunja nyuzi: sonata ya 7, ya 8 na ya 12, ambazo nyuzi zote nne zimebanwa ndani ya oktava moja, umbali wa noti nane. Katika ya 8 tuni ni D-F-B bemoli-D, yaani G inapanda hadi D. Uzi ule ule ukipandishwa hivyo, mvuto wake unakuwa mara 2.25. Weka uzi wa D mahali pa G, na huo wa F uwe mwembamba kuliko D ya kawaida. Kila unapokaza, tazama daraja, kijibao kinachobeba nyuzi: nyuzi hulivuta kuelekea shingo, na lisiporudishwa wima linapinda au kuanguka.

Fidla ya nne iwe ya sonata ya 11 peke yake, ile ya Ufufuko. Nyuzi mbili za kati zinapishana: mara moja kati ya vigingi na shingo, mara ya pili nyuma ya daraja. Tuni ni G-G-D-D, oktava upande huu na oktava upande ule. Legeza hizo mbili tu. Ukilegeza zote nne, kijiti cha ndani kinachosimama kwa mgandamizo pekee kinaweza kuanguka. Uzi wa D ni mnene kuliko mfuo wa A, kijia cha uzi huo, hivyo pitisha risasi ya penseli kwenye mifuo, la sivyo unakwama na kukatika hapo. A iliyoshuka hadi G imelegea; ukiukandamiza upinde, noti inaanza juu ya sauti yake. Vuta upinde mwepesi, mrefu.

Noti zimeandikwa mahali pa vidole, si sauti inayotoka. Mwenye sikio linalotambua kila sauti kwa jina lake atateseka wiki ya kwanza. Afuate vidole, aache sikio likae na ogani.