Debe halikuokoka

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu juma hili ni Luka 19:1-10, habari za Zakayo. Najua wengi tuliishia juu ya mkuyu tangu Shule ya Jumapili. Leo naomba tumfuate akishashuka, maana mimi nina deni na sura hii.

Miaka ile nilikuwa dalali wa mahindi, nanunua kwa wakulima vijiji vya Mbozi na kuuza Mbeya mjini. Nilikuwa na madebe mawili. La kununulia, kitako chake nilikigonga kwa nyundo kutoka ndani hadi kikatokeza nje kama tumbo la mtu aliyeshiba. La kuuzia, kitako kiligongwa kuelekea ndani. Ukiyaweka kwa mbali ni pacha. Lile la kwanza lilimeza kama kilo moja na nusu ya ziada, hivyo gunia la debe sita likanipa kilo tisa za bure, na hapo sijataja lumbesa, yaani gunia kujazwa kupita mdomo wake.

Nikaokoka. Mkutano wa injili, viwanja vya shule, siku ya Jumapili, machozi mengi, watumishi wakaniwekea mikono. Sikuigiza, nilimaanisha kila neno. Jumatatu asubuhi nikafungua stoo, nikachukua debe langu lenye tumbo, nikapanda gari kwenda kununua mahindi. Mimi nilikuwa nimeokoka, debe halikuokoka. Tuliishi hivyo miaka miwili, nami nikiwa kwaya, sauti ya pili.

Mtauliza kama dhamiri haikunisumbua. Ilinisumbua kwenye mambo mengine kabisa: niliacha pombe wiki ya kwanza, nikaacha matusi, nikauza redio iliyokuwa ikinipigia muziki wa dansi usiku kucha. Debe halikuja akilini kama dhambi. Lilikuwa biashara, na kila dalali alikuwa nalo. Nadhani ndivyo mabadiliko yetu mengi yanavyoishia njiani: tunabadilisha yale ambayo kanisa linayaona.

Aliyeniamsha ni mzee mmoja wa ushirika wetu aliyelelewa Bukoba na wazazi wa Uamsho. Siku moja baada ya maombi akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa, "Kijana wangu, tangu uokoke umerudisha nini?" Nikadhani anazungumzia fungu la kumi.

Kwa wasiojua, Uamsho wa Afrika Mashariki ulichipuka Uganda na Rwanda. Septemba 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, wakakaa na Biblia na maombi. Katika miaka ya 1930 moto ukashika Gahini, ukarudi Uganda, ukafika Kenya na magharibi mwa Tanganyika. Waganda wakawaita wale watu balokole, yaani waliookoka. Kilichowashangaza majirani ni kwamba mtu akishatubu aliondoka kwenda kugonga mlango wa aliyemkosea. Vilivyoibwa vikarudishwa. Kodi zilizokwepwa zikalipwa. Hata wamisionari wakasimama mbele ya Waafrika kutubu kiburi chao cha rangi, jambo ambalo wakati wa ukoloni halikuwa dogo. Wakaita mwenendo huo kutembea nuruni, kwa andiko la 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote."

Sisemi walikuwa malaika. Baadaye wengine waligeuza nuru kuwa tochi ya kumulika wenzao. Ila swali la mzee yule lilitoka kwao, na ndilo lililonirudisha kwa Zakayo.

Yeriko ulikuwa mji wa tende na zeri, uko njiani mtu akipanda kutoka Yordani kwenda Yerusalemu. Mahali pazuri pa kukaa na meza ya ushuru, na Zakayo alikuwa "mkubwa mmoja katika watoza ushuru, naye ni tajiri." Yesu anamwambia, "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Tuone mpangilio. Hajarudisha hata senti, hajaahidi lolote, na tayari mgeni anaelekea kwake. Angesubiri arudishe kwanza, Zakayo angekuwa juu ya mti mpaka leo. Kwa hiyo asitokee mtu akasema nahubiri wokovu wa kulipia.

Sasa mstari wa 8: "Tazama, Bwana, nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Hiyo "ikiwa" huwa inanichekesha. Yeriko nzima ilijua hakuna cha ikiwa. Lakini sikilizeni kitenzi: nawapa. Namrudishia. Hakusema nitawapa Mungu akinijalia, au nitajitahidi. Sisi tunaoomba kwa Kiswahili tunajua umbali ulioko kati ya "natoa" na "nitatoa". Harusi zetu na michango yetu vimetufundisha.

Na ile hesabu. Torati, Walawi 6, ilimdai aliyedhulumu na kukiri arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza, Kutoka 22. Zakayo anajihukumu kama mwizi, hataki nafuu ya mtu aliyejisalimisha. Halafu piga hesabu: nusu imekwenda kwa maskini, malipo ya mara nne yanatoka kwenye nusu iliyobaki. Luka hatuambii alibakiwa na nini, wala siku zilizofuata alianzia nyumba ipi. Mimi hizo ndizo siku ninazozifikiria. Siku ya mkuyu kulikuwa na umati na Bwana yupo. Juma lililofuata alikuwa peke yake njiani, na mfuko, na orodha ya majina.

Nilipiga lile debe nyundo hadi likawa bapa. Hiyo ilikuwa rahisi, karibu nijisifu. Kisha nikachagua wa kuanza naye: mama mjane aliyekuwa ameniuzia gunia nane msimu uliopita. Kilo tisa mara nane ni 72. Nikaongeza sehemu ya tano, ikawa kilo 86 na ushee. Ya mara nne sikuithubutu, nisiwadanganye. Nikajaza gunia la kilo 100, nikajiona mkarimu kweli, nikakodi pikapu.

Nilimkuta uani anapepeta maharage. Shikamoo mama. Marahaba. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, debe, kitako, nyundo. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, au anikumbatie, au basi anifukuze. Akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. Akauweka chini. Akaliangalia gunia kwenye pikapu, akaniangalia mimi.

"Hili umepima kwa debe lipi?"

Nilikuwa nimepima kwenye mizani, nikamwambia hivyo, naye akatikisa kichwa kama mtu anayesikia bei. Akaita wajukuu, wakaazima mizani kwa jirani, tukapima upya mbele ya watu. Ilitoka kilo 101. Hapo ndipo akauliza, "Na mwaka juzi?"

Mwaka juzi sikuwa nimeuhesabu. Nilihesabu msimu mmoja, ule niliouweza.

Wapendwa, 2 Wakorintho 5:17 inasema ya kale yamepita, na naamini. Mbele za Mungu yamepita. Kwenye ghala la mama yule yalikuwa bado yamekaa, na yalikuwa na uzito wake. Paulo huyohuyo anawaambia Waefeso (4:28), "Mwibaji asiibe tena, bali afadhali afanye juhudi, akitenda kazi iliyo nzuri kwa mikono yake mwenyewe, apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji." Asiibe tena ni neno la siku moja. Afanye juhudi ni la misimu mingi. Mimi limenichukua miaka sasa. Wengine nimewakuta wameshafariki, nimelipa watoto wao, na mmoja alikataa kabisa, akasema nibaki na mahindi yangu nijue ninavyojisikia.

Jumamosi hii naenda tena kwenye nyumba ile iliyokataa. Mzee mwenyewe hayupo duniani, yupo kijana wake wa kwanza, naye alinitumia ujumbe kwamba nisije na gari mpaka nyumbani, nishukie barabarani nitembee. Naombeni mnikumbuke kwenye maombi, hasa asubuhi, saa mbili hadi saa nne.